Anazijua kanuni zote za urafiki, lakini hana rafiki: tuwazungumzie watoto wenye ADHD

#1 Mleta uzi

Ndugu wazazi, walezi na walimu, nawasalimu.

Mwanangu ana umri wa miaka 9, na mwaka juzi daktari alithibitisha kuwa ana ADHD, yaani ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza akili mahali pamoja, ashindwe kukaa kitako, na atende kabla hajafikiri. Nimekwishasoma mijadala mingi kuhusu masomo, usingizi na dawa za watoto hawa. Ninachotaka tukizungumze leo ni jambo ambalo kwangu limekuwa kidonda kuliko alama mbovu za hesabu: mtoto wangu hana rafiki. Hana hata mmoja.

Niseme mapema kwamba si mtoto anayekimbia watu. Anawapenda mno, na pengine hapo ndipo penye tatizo. Miezi michache iliyopita nilimwalika mwanafunzi mwenzake aje kucheza naye. Mgeni alikuwa akipanga vipande vya mbao kujenga daraja, polepole, kipande juu ya kipande, ulimi umechomoza kidogo pembeni mwa mdomo kama wafanyavyo watoto waliozama katika jambo. Mwanangu alitulia naye kwa muda wa dakika nne hivi. Ya tano ilipoingia, alipata wazo la daraja bora zaidi, akanyoosha mkono na kuchomoa kipande cha chini kabisa ili amwonyeshe mwenzake, na daraja lote likaporomoka. Mgeni alinyamaza. Mwanangu alicheka, si kwa kejeli, bali kwa sababu ule mporomoko ulimfurahisha kwelikweli, kisha akaanza kueleza wazo lake kwa sauti ya juu bila hata kuutazama uso wa mwenzake, ambao mimi niliyekuwa mlangoni niliuona ukikunjamana. Walihamia kwenye mpira, wakauacha. Wakaanza kuchora, wakaacha. Haikupita saa moja na nusu, yule mtoto akaja kuniuliza kwa adabu kama anaweza kurudi kwao. Hajakanyaga tena.

Usiku, nikimfunika shuka, mwanangu aliniambia: "Mama, leo tumecheza vizuri sana."

Sentensi hiyo ilininyima usingizi. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba watafiti wameliona jambo hili mara nyingi: watoto wengi wenye ADHD hujipima juu kuliko wanavyopimwa na wenzao, hivyo mtoto hujiona amependwa siku ileile aliyochosha watu. Wala si uongo. Ni kwamba dalili ndogondogo ambazo wengine huzisoma bila kufundishwa, kama vile jicho kugeuka, bega kushuka au jibu kufupika, zinampita akiwa ameshafika kwenye wazo la tatu.

Kwa mwaka mzima nilifanya kile ambacho nadhani wengi wetu hukifanya. Nilimkalisha kila jioni nikamfundisha kanuni: ngoja zamu yako, usidakie maneno ya mwenzako, omba kabla ya kuchukua, muulize naye anapenda nini. Alizikariri kama shairi. Ukimwuliza mtoto mzuri hufanya nini rafiki yake anapozungumza, anakujibu vizuri kuliko mimi. Akitoka uwanjani, zote zimeyeyuka. Nilimkasirikia, nikadhani ananifanyia kusudi.

Aliyenifumbua macho ni mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Russell Barkley, ambaye ameandika juu ya ADHD kwa miongo kadhaa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mtoto huyu hakupungukiwa na ujuzi wa kinachotakiwa. Amepungukiwa na uwezo wa kukitumia anachokijua katika sekunde ile ile anapokihitaji. Kama ndivyo, msaada wowote unaotolewa mbali na mchezo, iwe ni kitandani usiku, kwenye gari au kwenye kiti cha mshauri, unatolewa mahali ambapo tatizo halipo. Mwaka 2019 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 25 yenye washiriki 2,690 wa umri wa miaka 5 hadi 17 kuhusu mafunzo ya stadi za kijamii kwa watoto wenye ADHD, na halikuona manufaa ya maana katika stadi hizo kwa tathmini ya walimu wao. Niliposoma nilijihisi kama mtu aliyekuwa akimwagilia kivuli cha mti.

Kwa hiyo nimebadili njia, na ningependa mnikosoe. Siku hizi namwalika mtoto mmoja tu, kamwe si wawili, kwa kuwa wakiwa watatu wawili huungana na wa tatu huwa ni wangu. Tunakubaliana saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na muda wenyewe hauzidi saa moja. Kabla mgeni hajafika tunachagua michezo miwili ambayo mwanangu anaimudu na isiyohitaji kungoja zamu kwa muda mrefu, na vile vitu anavyovipenda kiasi cha kutoweza kuvishiriki tunavifungia kabatini, maana si haki kumpa mtihani ambao najua atafeli. Ninamkumbusha jambo moja pekee la siku hiyo. Juma lililopita lilikuwa ni hili: usiguse anachojenga mwenzako mpaka akuambie. Kisha nakaa karibu na kazi yangu ya mkono, ninasikia kila kitu bila kuonekana mlinzi, na tumekubaliana kwamba nikigonga meza mara mbili maana yake ni "tazama uso wake". Anapofaulu, namwambia palepale kwa sauti ndogo, nikitaja alichofanya: "Umemngoja amalize." Sisubiri usiku.

Linalonishinda ni shuleni, ambako siwezi kugonga meza. Wenzangu mnafanyaje?

#2 Mchangiaji

Bila kumvunjia heshima mleta uzi, mimi naona tunawatafutia watoto majina makubwa kwa mambo ambayo ni ya malezi tu. Mtoto anayebomoa kazi ya mwenzake na kucheka anahitaji kukanywa, na akirudia akanywe tena. Samaki mkunje angali mbichi. Ukimzungushia mtoto ulinzi wa saa moja na ishara za kugonga meza, atakapokuwa mtu mzima nani atamgongea?

#3 Mleta uzi

Nashukuru kwa kusema waziwazi, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia hata kutoka kwa ndugu zangu wa damu, na zamani mimi mwenyewe niliyaamini. Samaki hukunjwa akiwa mbichi, nakubali. Tatizo ni kwamba huyu ni mbichi kuliko umri wake unavyoonyesha. Mwaka 2007 timu ya watafiti wa Marekani iliyoongozwa na Philip Shaw ilichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Waliangalia umri ambao nusu ya maeneo ya tabaka la juu la ubongo hufikia unene wake wa kilele: kwa wasio na ADHD ulikuwa kama miaka 7.5, kwa wenye ADHD kama miaka 10.5, na ucheleweshaji ulionekana zaidi katika sehemu za mbele, ambazo ndizo zinazohusika na kujizuia na kupanga. Ukuaji ulifuata mpangilio uleule, ila ulichelewa.

Tangu nilipolielewa hilo, nikimtazama mwanangu katika mchezo namhesabia miaka 6 badala ya 9, na ghafla tabia yake haishangazi. Hakuna anayemwacha mtoto wa miaka 6 asimamie mchezo peke yake. Kuhusu kukanya, nilikanya sana, na alichojifunza ni kuficha, si kuacha.

Niongeze pia kwamba si kila mtukutu ana ADHD. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zidumu kwa angalau miezi sita, zijitokeze katika mazingira zaidi ya mamoja, na ziwe zinamvurugia mtoto maisha. Uamuzi huo hautoki kwa jirani wala kwangu.

#4 Mchangiaji, mwalimu

Nimefundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi kwa miaka 17, na ninaomba nijibu swali la shuleni kwa kukiri kosa langu kwanza.

Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi wa aina hii, na siku moja mwalimu mwenzangu aliyekaa nyuma ya darasa langu kunitathmini alihesabu ni mara ngapi nililitaja jina la mtoto yule katika kipindi kimoja. Zilikuwa mara 23, na katika hizo, moja tu ilikuwa ya kumsifu. Nilidhani ninamrekebisha yeye, kumbe nilikuwa nawafundisha watoto wengine 30 namna ya kumtazama. Baada ya wiki chache, kitu kikivunjika wakati yeye hayupo, bado watoto walilitaja jina lake.

Sifa mbaya huwahi kuota mizizi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1994 Drew Erhardt na Stephen Hinshaw walichapisha utafiti kuhusu wavulana waliokutana kwa mara ya kwanza katika kambi ya mapumziko ya kiangazi, baadhi yao wakiwa na ADHD. Walipowauliza watoto wangependa kuwa rafiki wa nani na nani hawamtaki, wale wenye ADHD walikuwa wameshakataliwa kwa wingi tangu siku ya kwanza. Sifa ikishashika, mtoto hata akibadilika wenzake huendelea kumwona kwa macho ya jana: akitenda jema ni bahati, akikosea ni kawaida yake. Ndiyo maana ninasema kwamba kumrekebisha mtoto pekee ni kufanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni ya mwalimu, kwa kuwa sisi ndio tulio na macho ya watoto wengine mikononi.

Watafiti wameijaribu hoja hii. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Amori Mikami na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha madarasa ambamo walimu walijitahidi kubadili tabia ya mtoto mwenye ADHD tu na madarasa ambamo, pamoja na hilo, waliwafundisha watoto wote kumpokea, wakaonyesha hadharani kumthamini na kuyataja mazuri yake mbele ya wenzake. Katika haya ya pili, watoto wenye ADHD walipendwa zaidi na walipata marafiki zaidi wa kupendana pande mbili.

Kwangu mimi jambo hilo limekuwa na sura ndogo sana. Mwaka huu nina mvulana anayeshindwa kukaa, na nimempa kazi ya kugawa madaftari. Anatembea, anamfikia kila mtoto, anamtaja kwa jina, na kila mtoto anapokea kitu kutoka mkononi mwake mara mbili kwa siku. Makosa yake namrekebisha kwa kumsogelea na kuweka kidole mezani kwake bila neno. Nikiwapanga wawiliwawili, sisemi "chagueni wenzenu", kwa sababu sentensi hiyo ni hukumu kwa mtoto anayebaki mwisho. Nampanga mimi, na namweka na mtoto mtulivu mwenye moyo, ingawa nambadilishia mwenzake kila baada ya majuma kadhaa ili utulivu wa mtoto yule usigeuke kuwa adhabu yake. Wakati wa mapumziko, ambao ndio saa ngumu kuliko zote kwa kuwa hauna muundo, ninapendelea mchezo wenye kanuni chache na mwendo mwingi. Michezo ya kusimama kwenye mstari ni balaa.

Mzazi, mwombe mwalimu wake jambo moja tu, na liwe dogo. Ukija na orodha ya kurasa tatu, hata mwalimu mwema atajikinga.

#5 Mchangiaji, baba

Naomba tusiwasahau walio kimya. Binti yangu ana miaka 11, naye ana ADHD ya upande wa kukosa umakini, bila ule utukutu. Hajawahi kubomoa daraja la mtu. Yeye hupotea katikati ya mazungumzo. Rafiki anamsimulia jambo zito kuhusu nyumbani kwao, binti yangu anaona ndege dirishani, anarudi baada ya nusu dakika na kusema, "Eeh?" Ameahidi kuleta kitabu Jumatatu, anakileta Alhamisi. Anasahau siku ya kuzaliwa ya mtu aliyemkumbatia jana. Hakuna anayemchukia, ila taratibu wanaacha kumweleza mambo, na mtoto asiyeelezwa mambo ameshaachwa ingawa hakuna aliyemfukuza. Kwa kuwa hawasumbui watu, wasichana wengi wa namna hii huchelewa kutambuliwa, na aliyechelewa kutambuliwa huwa amekwishajiita mjinga au mbaya kwa miaka.

Kinachotusaidia ni cha kawaida sana. Ana kijitabu kidogo ambamo anaandika mambo ya marafiki zake: fulani ana mtihani wa muziki Ijumaa, bibi yake fulani anaumwa. Asubuhi anakisoma akivaa viatu. Nilihofu kwamba kuandika urafiki kwenye daftari kutaufanya uwe wa bandia, lakini aliyeulizwa "bibi anaendeleaje?" hakujua kuna daftari, alichojua ni kwamba amekumbukwa. Tumemfundisha pia kusema ukweli bila aibu: "Samahani, akili yangu imetoka kidogo, naomba urudie hapo kwenye bibi." Maneno hayo tuliyafanyia mazoezi kwa sauti mpaka yakawa yake. Ni bora kuliko kuitikia kwa kichwa jambo ambalo hukulisikia.

#6 Mchangiaji

Swali kwa wote: dawa zinasaidia katika hili? Daktari wa mtoto wangu anataka tuanze methylphenidate na mimi nasitasita.

#7 Mleta uzi

Uamuzi huo ni wa wewe na daktari wako, kwa hiyo nitasema yaliyotupata sisi na kile kinachofahamika. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama MTA, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1999, uliwafuatilia watoto 579 kwa miezi 14 na kuonyesha kwamba dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu hupunguza dalili kuu za ADHD kwa kiasi kikubwa. Watafiti haohao walipoangalia urafiki, mambo hayakuwa mepesi vile. Katika taarifa ya Betsy Hoza na wenzake ya mwaka 2005, iliyohusu watoto 165 wa utafiti huo, asilimia 56 ya wenye ADHD hawakuwa na hata rafiki mmoja wa kuchaguana naye, ikilinganishwa na asilimia 32 ya wanafunzi wenzao, na taarifa yao nyingine ya mwaka huohuo ilionyesha kwamba matibabu yenyewe, hata yale mazito, hayakuwafikisha katika hali ya kawaida ya uhusiano na wenzao.

Nyumbani kwetu dawa imempa mwanangu zile sekunde mbili za kusita ambazo hakuwa nazo. Atakachofanya ndani ya sekunde hizo bado ni kazi yetu. Angalizo moja la kivitendo: muulize daktari dawa hufanya kazi kwa saa ngapi, kwa sababu sisi tulikuwa tukialika wageni jioni, saa ileile nguvu yake ilipokuwa inakwisha. Tulihamishia asubuhi za siku za mapumziko, na tofauti ilionekana.

#8 Mchangiaji, mama wa kijana wa miaka 14

Nyinyi wenye watoto wadogo mna bahati moja: bado mnaweza kualika. Kijana wangu nikimwalikia rafiki atahama nyumba. Kwa umri huu msaada wangu umekuwa ni kumtafutia mahali, si mtu. Aliingia kwenye kikundi cha kutengeneza vyombo vinavyoendeshwa kwa kompyuta, na huko ile hulka yake ya kung'ang'ania jambo moja mpaka usiku wa manane ilikuwa ni sifa. Wenzake wawili wa huko ni wadogo kwake kwa miaka miwili, na mwanzoni nilisikitika, nikitamani awe na rika lake. Sasa nimeacha kusikitika. Wanacheka mambo yaleyale, wanapigiana simu, wanakosana na kupatana. Sijui nilitaka nini zaidi.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye simu. Katika kundi la ujumbe la darasa lake aliandika jambo kwa hasira usiku, likasambazwa kabla hajalifuta. Uso wa mtu anaweza kujifunza kuutazama, lakini kwenye ujumbe hakuna uso. Tumekubaliana kwamba ujumbe wa hasira auandike sehemu ya kumbukumbu za simu, ambako hakuna kitufe cha kutuma, na asubuhi autazame tena. Hafuati kila mara. Mchunge pia asigeuzwe chombo: kijana aliyekaa muda mrefu bila marafiki yuko tayari kufanya lolote analoambiwa na wa kwanza atakayemwita rafiki, na kijana wa papara ndiye hutumwa kufanya kile ambacho wengine wanakiogopa. Nilimuuliza swali moja tu: "Mkifanya kosa pamoja, nani huadhibiwa?" Alikaa kimya muda mrefu, na mimi sikuongeza neno.

#9 Mchangiaji #2

Nimerudi. Sijabadilika yote, ila ile habari ya mwalimu kulitaja jina mara 23 imenigusa, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho aliishi hivyo nyumbani kwetu. Naomba niulize kwa nia njema: mzazi wa mtoto mgeni anaambiwa kuhusu ADHD au hafahamishwi?

#10 Mleta uzi

Nimejaribu njia zote mbili. Mara ya kwanza nilieleza kila kitu kwa simu, tangu daktari hadi dawa, na yule mama alinisikiliza kwa upole kisha akapata udhuru. Sikumlaumu sana, nilimtajia ugonjwa kabla hajamwona mtoto. Mara ya pili sikusema chochote, na mtoto wake aliporudi na malalamiko nikaonekana mficha mambo. Siku hizi naeleza tabia badala ya jina: "Wangu ni mwingi wa nguvu na hukurupuka, kwa hiyo nitakuwa karibu nao muda wote, na wataachana saa tano kamili." Wazazi wengi wanachotaka kujua ni kama kuna mtu mzima anayeangalia. Jina la hali yenyewe hutajwa baadaye, baina ya watu walioaminiana, na sasa kwa kuwa mwanangu anaelewa, namwuliza yeye kwanza kama ningeweza kulitaja.

Kuna jambo jingine nililolipata katika mpango alioubuni Amori Mikami, yuleyule aliyetajwa na mwalimu, wa kuwafunza wazazi wenyewe kuwa makocha wa urafiki. Jaribio lake la mwaka 2010 lilihusisha watoto 62 wenye ADHD wa miaka 6 hadi 10, na wazazi walifunzwa katika vikao 8. Lililonichoma ni kwamba uhusiano wa mzazi na mtoto ni sehemu ya mafunzo hayo: mtoto hawezi kupokea maelekezo mbele ya mgeni kutoka kwa mtu ambaye siku nzima amekuwa akimgombeza. Nimetenga dakika 15 kila siku za kucheza naye anachotaka yeye, nami siruhusiwi kuelekeza, kusahihisha wala kuuliza maswali ya mtihani. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Siku ya kwanza niligundua kwamba ndani ya dakika tatu nilikuwa nimeshamsahihisha mara mbili, na hatukuwa tunafanya lolote zaidi ya kusukuma magari sakafuni.

#11 Mchangiaji, mwalimu

Mleta uzi, usituache njiani. Ilikuwaje kwa mwalimu wake?

#12 Mleta uzi

Yapata majuma sita sasa. Nilifuata ushauri wako, nikamwomba mwalimu wake jambo moja: anitajie mtoto mmoja ambaye mwanangu huwa hakosani naye sana. Hakufikiri hata kidogo. Alimtaja mvulana mkimya anayekaa safu ya mbele, ambaye katika mwaka mzima mwanangu hakuwahi kunitajia, kwa kuwa yeye alikuwa akiwakimbilia wale wanaong'ara, walio na kundi, ambao hawakuwa na nafasi wala haja naye. Nilikuwa nikiwaalika aliowataka badala ya walioweza kumvumilia, na sikuwahi kuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Mtoto huyo amekwishakuja mara nne. Mara ya kwanza walicheza dakika 40, nikawakatiza wakiwa bado wanataka kuendelea, na mwanangu alilia mgeni alipoondoka. Ya pili ilikuwa mbaya: alimkatiza kila alipofungua mdomo, nikagonga meza mpaka nikajiona mpiga ngoma. Ya tatu nilimpa kazi ya kuwa mwenyeji, yaani mgeni ndiye achague mchezo wa kwanza, na kazi hiyo yenye jina ilimfaa kuliko katazo lolote nililowahi kutoa.

Ya nne ilikuwa juzi, na waligombana. Yalikuwa magari yaleyale, na lile jekundu wote wawili walilitaka. Mgeni alilikosa, akaenda kukaa karibu na mlango na kuvaa kiatu kimoja. Nilikuwa nimeshainua kidole kugonga, nikajizuia. Mwanangu alisimama katikati ya chumba kwa muda, akamtazama usoni, akatazama kiatu, akamtazama tena. Hakusema samahani, ingawa neno hilo analijua vizuri sana. Alikwenda akalisukuma lile gari taratibu sakafuni mpaka likagota kwenye kile kiatu, kisha akarudi alipokuwa na kukaa. Zilipita kama dakika mbili za kimya. Halafu nikasikia magurudumu yakirudi upande wa pili.

Jumamosi anakuja tena. Mama yake ameomba tuongeze nusu saa, nami nimekataa.